Fuata Nguzo

Jirani yetu Krsto anaapa kwa macho yake yote mawili, hata lile lenye mtoto wa jicho, kwamba alimwona yule kijana akiruka na pikipiki juu ya korongo kama kwale aliyeshtuliwa, taa inawaka, mkono mmoja ameuinua kana kwamba anaaga. Anasema alikuwa mlangoni kwake anavuta sigara. Anasema kabla ya hapo alisikia sauti ya mwanamke, nyembamba, inatoka juu majabalini, inaita jina, na kijana akageuza usukani kwa hiari yake akaifuata.

"Mwanamke wa mlimani huyo," husema Krsto. "Akimtaka mtu haji kuposa."

Amewasimulia polisi hivyo, amewasimulia watu wa dukani kule bondeni, na dereva wa gari la maziwa amesimuliwa mara mbili. Kila akirudia, mwanamke anazidi kupendeza. Mara ya mwisho nilipomsikia, nywele zilikuwa zimeshafika magotini.

Siku ile mimi nilikuwa karibu kuliko Krsto. Nilikuwa kwenye shamba letu la nyasi, chini kabisa ya kona tunayoiita Kiwiko, mkononi nina uma wa nyasi, na meno ya uma huo sikuyaona kwa theluji. Mwezi wa saba, theluji inanijaa mdomoni. Nyumba ya Krsto iko ng'ambo ya korongo, mbali kiasi cha kuita mtu na asisikie. Angeona nini? Hata moshi wa sigara yake asingeuona.

Lakini simcheki. Najua kwa nini Krsto anamhitaji mwanamke huyo.

Asubuhi ya siku ile palikuwa na joto ambalo hata nzi walilikimbia. Mama alikuwa mjini kwa dada yangu aliyejifungua, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, baba na mimi, tunageuza nyasi. Pikipiki mbili zikapanda kutoka bondeni, zikapunguza mwendo mbele ya uzio wetu, na kabla hazijazimwa baba alikuwa ameshapiga kelele.

"Teremkeni mtie kitu tumboni! Pikipiki hazina njaa, nyinyi mnayo!"

Baba ndivyo alivyo. Vukota, ndilo jina lake, hamwachi mgeni apite mlangoni kwake bila kula, hata kama mwenyewe atalala na mkate mkavu.

Walikuwa ndugu. Relja, kaka, mrefu, koti la ngozi limefunguliwa hadi kitovuni kwa jasho. Na Dunja, mdogo wake, nywele fupi, uso umechorwa miwani kwa vumbi. Walitoka kaskazini kwenye nchi tambarare, kule ambako ardhi imelala kama meza iliyofutwa.

"Haya niambieni," baba alisema, anamimina pombe ya plamu kwenye vikombe vidogo, na Relja akizuia chake kwa kiganja kwa sababu anaendesha. "Kwenu huko mlima mrefu kuliko yote unaitwaje?"

"Kichuguu cha fuko, nyuma ya nyumba ya shangazi," Relja akajibu. "Tukikipanda, tunapumzika katikati."

Baba akacheka hadi akakohoa. Dunja naye akaongeza kwamba kwao mbwa akitoroka nyumbani, siku ya tatu bado unamwona anakimbia.

"Hapa akitoroka," baba akasema, "jioni anarudi na mchumba. Mbwa mwitu."

Nikawaletea ugali wa viazi na malai juu. Relja akala, akafuta bakuli kwa mkate, akanitazama kama mtoto. Nikamjazia tena. Dunja akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia shule ya msingi, bondeni, basi. Hakunionea huruma, nikampenda kwa hilo. Akanivisha kofia yake ngumu akaniambia nisiogope. Nikiwa nimesimama pale kama chungu kilichofunikwa, sauti ikanijia ndani ya sikio:

"Stanija, Stanija. Mimi ni kondoo wako mweusi. Naomba chumvi."

Niliruka nikakanyaga paka. Relja alikuwa nyuma ya zizi na kofia yake kichwani. Kofia zao zilikuwa na redio ndogo ndani, wanazungumza njiani. Tulicheka wote wanne. Nalikumbuka vizuri kicheko kile kwa kuwa kilikuwa cha mwisho.

Wakati wa kuondoka Relja akatoa simu, akamwonyesha baba jua lililochorwa hapo.

"Leo kutwa nzima safi, mzee."

"Simu yako haijawahi kulala hapa," baba akasema. "Mwezi wa saba wa huku ni ng'ombe mwenye ndama. Unamkama, ametulia, unamsifu, halafu teke."

"Na teke likija?"

"Geuzeni mrudi kwangu. Msikimbie wala msisimame katikati ya njia. Fuata nguzo. Si umeziona, za nyekundu na nyeupe? Mkishuka zitakuwa kulia kwenu. Ukifika kwenye moja, itafute nyingine, uende kwayo. Hata kipofu zitamfikisha."

"Fuata nguzo," Relja akarudia, akampigia baba saluti ya askari.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilingoja baba aongeze neno. Alikuwa anafunga jibini kwenye kitambaa ili awape ya njiani, anahangaika na fundo, na neno halikuja. Nadhani halikumjia kabisa. Kichwani mwa baba nguzo zile zote zimesimama, zimesimama tangu alipokuwa mtoto, na yeye akiwaza barabara anaiwaza nzima.

Barabarani hazikuwa zimesimama zote.

Nieleze jambo hili, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Barabara inayopanda kwenda kwenye shingo ya mlima, pale inapovukia upande wa pili, ina nguzo za mbao upande wa bonde, ndefu kuliko watu wawili, zimepakwa rangi ili wakati wa baridi anayeendesha gari la kusukuma theluji ajue njia inaishia wapi. Na lundo la nyasi halisimami bila nguzo katikati. Unaichimbia, unarundika nyasi kuizunguka, mtu mmoja yuko juu anakanyaga huku ameikumbatia, na upepo wa hapa unakuja unapiga kichwa cha lundo unaondoka. Zamani tulikata misonobari. Tangu msitu ufanywe hifadhi, ukikata mmoja unaitwa mahakamani. Basi kila nyasi zinapokomaa, kila nyumba huazima nguzo chache barabarani. Vuli, nyasi zikishashushwa ghalani, kabla theluji ya kwanza haijaanguka, nguzo zinarudi kwenye mashimo yake. Watu wa barabara wanajua, wanatazama pembeni. Hakuna anayeuita wizi.

"Nguzo ziko likizo," Krsto husema. "Kuliko zisimame bure zinatazama watalii."

Sisi huchukua za Kiwiko kwa kuwa ziko juu tu ya shamba letu. Ncha inayobaki juu ya lundo tunaipaka kinyesi cha ng'ombe ili wekundu usionekane barabarani. Kupaka ni kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayekuwa juu.

Pikipiki zilipopotea kwenye kona za juu, tulirudi kwenye nyasi. Haukupita muda, kondoo wa Krsto waliokuwa wametawanyika ng'ambo wakaanza kujikusanya wenyewe, vichwa ndani, mikia nje. Nzige wakanyamaza. Baba akasimamisha reki.

"Siupendi ukimya huu," akasema.

Nilitazama juu. Anga ilikuwa buluu. Nikatazama tena, na nyuma ya kilele palikuwa na kitu cheusi chenye ukingo wa manjano kama jeraha la juzi. Kilikuja kikiwa kinavuta. Sijui kusema vizuri zaidi: upepo haukutupuliza, ulituvuta, reki, kilemba changu, nyasi zote tulizokuwa tumezianika, vyote vikaondoka ardhini kuelekea kule. Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilianza kubwa moja kwa moja, mawe ya ukubwa wa jozi, yanagonga bati la zizi hadi sikusikia sauti yangu nilipopiga kelele. Nilijikunja chini ya lundo lililo kwenye kilima kidogo, lile la karibu na Kiwiko, ambalo kichwa chake kinalingana na barabara, na kati yake na barabara kuna korongo. Nilisikia juu yangu kitu kinapasuka kama shuka. Kofia yote ya lundo, nyasi na matawi tuliyofungia uzito, iliinuka ikaenda zake.

Halafu kimya. Nikadhani imekwisha.

Theluji ikaanguka. Sikuamini, nikafungua kiganja. Mapande makubwa, mazito, yaliyolowa, kwanza ya kuhesabika, kisha nikafumba jicho na kulifumbua na dunia haikuwepo. Nilikuwa na gauni la mikono mifupi. Baba alikuwa ananiita kutoka mahali, "Stanija! Stanija!" na sikujua mahali hapo ni mbele au nyuma.

Katika weupe huo nikasikia pikipiki. Walikuwa wanashuka, taratibu sana, gia ya chini, kama baba alivyowaagiza. Nikafurahi. Naapa nilifurahi, nikawaza supu, nikawaza niwashe jiko. Sauti ya injini ikaja juu ya Kiwiko, ikafika pale inapopaswa kukata kushoto.

Haikukata. Ilinyooka. Ikanguruma mara moja bila kitu chini yake, sauti ya injini iliyopoteza ardhi, sitaisahau, halafu mawe, na chuma, na mawe tena.

Nilishuka korongoni kwa makalio. Baba alikuwa amenitangulia, sijui alipitia wapi. Relja alikuwa amelala kijitoni, nusu majini, macho yamefumbuka na theluji inaangukia humo ndani naye hapepesi. Nikafikiri amekufa. Baba akaweka shavu mdomoni kwake, akasema, "Anapumua," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Dunja akaja akiteleza kutoka juu, kofia bado kichwani, anapiga kelele ndani ya kofia. Nilimkimbilia na uma wangu mkononi. Nilikuwa hata sijautupa. Alipoivua kofia ndipo nikasikia anachosema.

"Ilikuwepo! Ilikuwa mbele! Ilikuwepo!"

Baba alivua koti lake la ngozi ya kondoo akamfunika Relja. Alifanya kila kitu sawasawa. Alinituma nilete mlango wa ghala na kamba, akamfunga kichwa kisicheze, akampulizia vidole. Na wakati anafunga fundo la mwisho, theluji ilikoma. Ilikoma kana kwamba mtu amefunga dirisha. Jua likatoka lile lile la asubuhi, tena kali, na mlima wote ukang'aa hadi macho yakatutoka machozi.

Baba akainua kichwa. Nami nikainua.

Juu ya kilima kidogo lundo letu lilikuwa limesimama bila kofia, na katikati yake nguzo, tupu, ndefu, imeoshwa na mvua ya mawe hadi kinyesi chote kimetoka. Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Safi kama imepakwa rangi jana. Ilisimama mstari mmoja na zile za barabarani zilizo juu ya Kiwiko, kama mkono unaosema: huku.

Nilimtazama baba, na nikaona uso wake ukiishiwa damu kidogo kidogo, kutoka paji hadi kidevuni, mpaka ukawa kama theluji aliyopigia magoti. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilisogea.

"Nilimwambia mimi," alikuwa anasema. "Kwa mdomo wangu."

Dunja hakuona. Uso wake ulikuwa juu ya kaka yake.

Gari la wagonjwa lilipanda likiteleza matopeni, likawachukua wote wawili. Halijamaliza kona ya mwisho, baba akapanda kile kilima, akaingia kwenye lundo hadi kifuani, akaikumbatia nguzo.

"Shika," akaniambia.

Tuliing'oa. Akaitia begani, akaenda nayo Kiwiko, akarudi akachukua nyingine kwenye lundo la pili. Nilibaki nimesimama. Na nilipotazama juu barabarani nilimwona Krsto naye anapanda, nguzo begani, anahema. Nyuma yake wajane wawili wa nyumba ya juu, wamebeba moja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Jioni ile, theluji inayeyuka inatiririka barabarani kama mto, watu wote wa kwetu walikuwa njiani na nguzo mabegani, kila mmoja na zake, wanapishana. Sisi ambao hatupishani bila kuulizana hali ya ng'ombe na ya wajukuu. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nimeona mazishi yenye kelele zaidi.

Krsto ndipo alipompata yule mwanamke wake. Kesho yake alikuwa naye tayari.

Baba hakula. Alikaa mbele ya jiko, na mimi nikawa napukuta nyasi kwenye nywele zangu.

"Wewe ulikuwa zizini," akasema. "Unafunga kondoo."

"Nilikuwa shambani, baba."

"Zizini," akasema, polepole, hakunitazama. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu, huniagiza. Sikujua sauti yake ya kuomba ikoje, na ndiyo hiyo.

Polisi alikuja, kijana wa bonde la pili, baba yake naye anakata nyasi. Alitembea Kiwiko akipima kwa hatua. Akafika kwenye nguzo, akatazama chini penye udongo mbichi uliotifuliwa.

"Mvua imelainisha udongo," baba akasema.

Polisi akaukanyaga ule udongo kwa buti, upande huu na upande ule, ukashikamana.

"Imelainisha," akasema. Akaandika kwamba ni hali ya hewa, na mtu wa tambarare asiyeijua njia.

Dunja akarudi baada ya wiki, kuchukua pikipiki yake tuliyoilaza ghalani. Alikuja na gari la maziwa. Alikuwa amekonda, miwani ya vumbi imetoka usoni na mahali pake pana weusi. Baba alimpokea uani, akampa kiti, akamwuliza hali ya mgonjwa.

"Ameamka," Dunja akasema. "Anazungumza. Miguu bado. Madaktari wanasema wangoje, hawajui. Hakumbuki chochote, mzee. Anakumbuka ugali wenu, na paka aliyekanyagwa. Baada ya hapo, hakuna."

"Mungu mkubwa," baba akasema. "Usijilaumu, mwanangu. Mlima huu..."

"Ulituambia tufuate nguzo. Tulizifuata."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejikumbusha njia. Kikombe cha baba kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Kikasimama, kikarudi kwenye kisahani, kikagonga. Akainuka, akasema anakwenda kutazama kondoo. Kondoo walikuwa malishoni, kule juu, tangu alfajiri.

Dunja akamfuata kwa macho. Halafu akanigeukia.

"Nipeleke pale, Stanija. Peke yangu siwezi."

Tukapanda. Siku ilikuwa nzuri, anga buluu kabisa, na kila alipotazama juu niliona mabega yake yanapanda. Tulipofika Kiwiko, alisimama katikati ya lami akageukia chini, kama anayeshuka.

"Nilikuwa nyuma yake," akasema. "Pikipiki yangu ilishaanguka mara mbili, nikawa naogopa, kwa hiyo yeye yuko mbele na mimi namwambia masikioni. Mimi nilikuwa juu kidogo, naona zaidi. Zilikuwa zinakuja moja moja. Kila nikiiona moja namwambia, naiona, twende. Halafu hapa hazikuja. Yeye anauliza, 'Dunja, iko wapi?' Namwambia subiri. Halafu theluji ikafunguka kidogo, nikaiona. Pale." Akanyoosha mkono. "Nyekundu na nyeupe. Nikamwambia, 'Naiona Relja, nyoosha, nyoosha tu.' Akanyoosha."

Kule alikonyooshea mkono palikuwa na kilima kidogo na lundo letu. Bila nguzo limeinama kama mzee aliyelala kitini. Baba alikuwa amelitegemeza kwa gogo.

"Yule jirani yenu anamsimulia kila mtu kwamba alisikia mwanamke anaita," Dunja akasema. "Nilitaka kumpiga. Halafu nikafikiri, ni kweli. Kulikuwa na mwanamke. Mwanamke huyo ni mimi."

"Usiseme hivyo, dada."

"Polisi ananiambia upande ule hapajawahi kuwa na nguzo. Daktari ananiambia mtu akiogopa huona anachokitafuta. Na Relja kila siku ananiuliza: 'Dunja, ilikuwaje?' Anauliza kwa upole, unajua alivyo. Kila siku. Namwambia nini? Kwamba niliona kitu ambacho hakipo, nikakutupa korongoni?"

Akaegemea nguzo iliyokuwa karibu naye. Ni ile ile. Naijua, ina ufa mmoja mrefu, nimeikumbatia kutwa nzima nikikanyaga nyasi. Ndani ya ufa, kimo cha kifua, palikuwa na ujani mkavu wa nyasi za lundo umebanwa, na majani mawili ya shambani kwetu yamesalia. Mkono wake ulikuwa chini yake kidogo tu. Kama angeinua kidole angeugusa.

"Siku ile," akasema, "uliponikimbilia, ulikuwa na uma mkononi. Uma wa nyasi. Baba yako anasema ulikuwa zizini."

Nikautazama ule ufa.

"Hulazimiki kunieleza ulikuwa wapi. Sitaki polisi. Sitaki mtu afungwe wala alipe, mmetubeba, mmetufunika kwa koti lenu, mimi si mtu wa kusahau. Nataka kumjibu kaka yangu, basi. Ulikuwa pale chini, macho yako hayakosi kitu, nilikuona asubuhi ile, unatazama kila kitu."

Chini shambani baba alikuwa ametoka nyuma ya ghala. Alikuwa ameshika reki lakini hakusanyi nyasi. Amesimama, kiganja juu ya macho, anatutazama. Ng'ambo, mlangoni kwake, Krsto naye amesimama. Kwa siku ya wazi kama ile, kutoka kwake Kiwiko kunaonekana vizuri sana.

Upepo mdogo ukaja kutoka kwenye shingo ya mlima, wa baridi, nikashtuka kama ninavyoshtuka siku hizi kwa kila upepo. Ule ujani kwenye ufa ukatikisika, haukutoka.

"Ilikuwepo au haikuwepo?" Dunja akasema. "Neno moja tu, dada. Nipe neno moja nirudi nalo."